Papa mkubwa, bei kubwa, na zebaki isiyopimwa

Jioni inapoingia katika kata za Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini, mjini Dodoma, vikaango vya samaki huwekwa motoni karibu kwa wakati mmoja. Wanunuzi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha St. John's, kilichoanzishwa mwaka 2007 mahali palipokuwa Sekondari ya Mazengo, watumishi wa serikali walioongezeka tangu uamuzi wa mwaka 2016 wa kuhamia makao makuu, na wenyeji ambao zamani mboga yao ilikuwa mlenda na nyama ya mbuzi kuliko kitu chochote cha majini. Mezani kuna sato na sangara wa Ziwa Victoria, perege na kambale wa Bwawa la Mtera, na dagaa wa Kigoma na Mwanza. Pembeni yao wapo samaki wa bahari: vibua, changu, jodari, nguru na papa.

Papa ndiye mzee wa biashara hii katika nyanda za kati. Kabla ya malori yenye majokofu na kabla ya friza kuingia kwenye maduka ya mitaani, samaki wa chumvi aliyeweza kutoka pwani na kufika Dodoma bila kuoza alikuwa ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa. Papa alikubali kazi hiyo kuliko wengi. Hana miiba midogo, nyama yake ni nzito, na akishakauka anaweza kukaa gunia moja na mahindi, ingawa mwenye mahindi hatafurahi.

Katika samaki hao wa bahari, soko lina desturi moja ambayo haijawahi kuhojiwa. Samaki mkubwa ana bei nzuri zaidi kwa kilo. Kipande cha papa mpana, chenye nyama nene, humpa mchuuzi uwezo wa kukata vipande vinavyolingana, na mteja huona amepata thamani ya fedha yake. Ndivyo ilivyo kwa nguru na ndivyo ilivyo kwa jodari. Papa wadogo hufungwa mafungu na kuuzwa kwa bei ya kuondoa mzigo.

Kwa upande wa afya, na sasa kwa upande wa biashara ya kimataifa, bei hizo zimepangwa kinyume. Samaki mkubwa wa bahari anayewinda samaki wenzake ndiye anayebeba zebaki nyingi kuliko wote, na kadiri anavyozidi umri na uzito ndivyo zebaki inavyozidi ndani ya nyama yake. Soko linalipa zaidi kwa kile ambacho wanunuzi wa nje wanakiogopa zaidi.

Namna zebaki inavyofika huko si jambo gumu kwa mtu aliyewahi kukopa. Zebaki hutoka kwenye volkeno, kwenye makaa ya mawe yanayochomwa viwandani na kwenye uchenjuaji wa dhahabu. Hupanda angani, husafiri mbali, kisha huanguka majini. Vijidudu vya majini huigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo mwili hauitoi kwa urahisi. Viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho huichukua kidogo sana. Dagaa akila viumbe hao maelfu, anarithi ya wote. Kibua akila dagaa mamia, naye anarithi. Jodari akila vibua, na papa akila jodari, deni linakua kama riba juu ya riba, na anayelipa ni yule wa mwisho kwenye mstari, yaani mlaji. Dagaa anaishi muda mfupi, hivyo hana muda wa kulimbikiza. Papa anaishi miaka mingi, na wapo wanaofikisha miongo kadhaa.

Afrika Mashariki si mtazamaji tu katika mlolongo huo. Tathmini ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa shughuli za binadamu zilirusha angani tani 2,220 hivi za zebaki mwaka 2015, na kwamba asilimia 38 ya kiasi hicho ilitokana na wachimbaji wadogo wa dhahabu duniani. Geita na Chunya wanaijua zebaki vizuri: hukamatisha dhahabu, kisha huchomwa ikapotea kama mvuke. Haipotei. Tanzania ilisaini Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020, lakini hata kama uchomaji huo ungekoma kesho, bahari ina akiba ya kale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliopitia sampuli karibu 3,000 za jodari wa bahari za Pasifiki, Atlantiki na Hindi wa kati ya mwaka 1971 na 2022, ulionyesha kuwa zebaki ndani ya samaki hao haikupungua kwa ujumla, ingawa moshi wa viwanda katika nchi tajiri ulipungua katika kipindi hicho.

Hapa inafaa kuweka tarakimu mezani, kwa sababu mjadala wa sumu usio na tarakimu ndio unaoua masoko.

Kamati ya wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani ilipunguza mwaka 2003 kiwango cha zebaki ya methili ambacho mtu anaweza kula kwa wiki bila wasiwasi, kikawa mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mwanamke wa kilo 60, kwa hiyo, ana bajeti ya mikrogramu 96 kwa wiki. Wataalamu hao walifafanua mwaka 2006 kwamba watu wazima wengine wanaweza kufika karibu mara mbili ya hapo bila kuhatarisha neva zao, lakini si mjamzito, kwa sababu anayelindwa ni mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake bado unajengwa.

Sasa bajeti hiyo inanunua nini? Kama samaki ana zebaki ya miligramu 0.1 kwa kilo, mwanamke huyo anaweza kula karibu kilo nzima kwa wiki. Kama ana miligramu 0.02, kiwango kinachowezekana kwa samaki wadogo, atakula zaidi ya kilo nne na nusu, na atachoka yeye kabla ya bajeti kwisha. Lakini samaki akiwa na miligramu 1 kwa kilo, bajeti ya wiki nzima inamalizwa na gramu 96, kipande kimoja cha sahani ya wali mgahawani.

Na hapo ni kwa samaki mbichi. Jambo ambalo wafanyabiashara wa nyanda za kati wanapaswa kulitazama kwa makini kuliko wenzao wa pwani ni ukaushaji. Jua na chumvi huondoa maji na kuiacha zebaki, kwa kuwa imeshikamana na nyama yenyewe. Tuchukulie papa mwenye miligramu 0.8 kwa kilo akiwa mbichi, kiwango ambacho kinaruhusiwa hata Ulaya. Kilo tatu za nyama yake zikikauka na kubaki kilo moja, kilo hiyo moja ina miligramu 2.4. Bajeti ya wiki ya mwanamke yule inakuwa gramu 40, kipande cha vidole viwili. Viwango vya kimataifa kwa kawaida huandikwa kwa samaki mbichi, na anayekagua samaki mkavu hupaswa kupiga hesabu ya maji yaliyotoka. Mama anayeroweka ng'onda usiku kucha ili kuondoa chumvi anaondoa chumvi tu. Kukaanga hakusaidii, kuchemsha na kumwaga supu hakusaidii, na kukata mafuta hakusaidii kwa sababu zebaki haikai kwenye mafuta.

Metali nyingine nzito zina tabia tofauti. Kadimiamu hupenda ini na figo, hivyo kutupa matumbo ya samaki hupunguza sehemu kubwa ya tatizo. Risasi nayo hukimbilia mifupa zaidi kuliko nyama. Kwa samaki mkubwa wa bahari, shauri lenyewe ni zebaki.

Baada ya tarakimu hizo msomaji anaweza kudhani ushauri utakaofuata ni kuacha samaki. Itakuwa hasara kubwa na isiyo na msingi. Jirani wa karibu katika bahari hii hii, Ushelisheli, amefanyiwa utafiti mrefu kuliko mahali pengi duniani. Wizara ya afya ya visiwa hivyo na Chuo Kikuu cha Rochester cha Marekani walianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kufuatilia mama na watoto. Katika kundi kuu la watoto 779, mama zao walikula samaki wa bahari wastani wa mara 12 kwa wiki walipokuwa wajawazito. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003, watoto wakiwa na umri wa miaka tisa, hayakuonyesha madhara ya wazi ya zebaki katika ukuaji wa akili zao. Utafiti wa visiwa vya Faroe, kaskazini ya Atlantiki, ulipata madhara, lakini wenyeji wa huko walikuwa wakila nyama ya nyangumi, mnyama aliye juu kabisa ya mstari ule wa riba. Washelisheli wanakula zaidi samaki wa kawaida wa mwambani na baharini, na samaki huyo ana mafuta na madini yanayomjenga mtoto.

Somo kwa mfanyabiashara ni kwamba neno "samaki" ni pana mno kuwa bidhaa moja. Dagaa mchele, vibua, changu, jodari mdogo, nguru wa kilo 20, papa wa kilo 100 na nduaro si bidhaa moja, kama vile hati fungani ya serikali na hisa ya kampuni iliyoanza juzi si kitu kimoja kwa kuwa zote ni karatasi. Marekani huwashauri wajawazito wake waepuke papa, nduaro, sulisuli na aina ya nguru iliyo ndugu wa nguru wa pwani yetu, na papo hapo huwahimiza kula samaki wengine mara mbili au tatu kwa wiki. Nchi ile imetenganisha. Soko la Majengo na masoko mengine ya bara yanauza kwa mafungu, na samaki wote hubebana kwa jina moja.

Gharama ya kubebana kwa jina moja inajulikana vizuri nchini, ila ilitokea ziwani badala ya baharini. Wafanyabiashara wa umri wa kati mjini Mwanza hawajasahau miaka ya 1997 hadi 1999. Kwanza lilikuja suala la vimelea vya salmonela katika minofu ya sangara mwaka 1997. Mwishoni mwa mwaka huo, kipindupindu kilipoenea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji, na zuio likadumu hadi katikati ya 1998, ingawa mashirika ya FAO na WHO yalisema samaki aliyepikwa hakuwa njia ya kueneza ugonjwa huo. Kisha mwaka 1999 ikagundulika kwamba baadhi ya wavuvi, hasa upande wa Uganda, walikuwa wakimwaga dawa za kuulia wadudu majini ili wapate samaki kwa haraka. Ulaya ikafunga mlango kwa nchi zote tatu za ziwa.

Kilichofuata kinapaswa kukaririwa na kila mwenye mtaji katika samaki. Mvuvi wa Ukerewe ambaye hakuwahi kushika chupa ya dawa aliangukiwa na bei sawasawa na mkosaji. Viwanda vya minofu vilipunguza kazi. Wapo wanunuzi waliogoma hata sato, samaki ambaye hakuwa amezungumzwa. Waswahili husema samaki mmoja akioza wote wameoza, na mwaka ule methali hiyo ilipitishwa kuwa sera ya biashara ya nchi za watu.

Kilichoiokoa sangara hakikuwa hotuba bali karatasi. Idara ya Uvuvi ilipewa mamlaka ya kukagua, viwanda vikaorodheshwa kwa namba, mialo ya kupokelea samaki ikaboreshwa, na maabara ya taifa ya ubora wa samaki huko Nyegezi, Mwanza, ikajengewa uwezo wa kupima mpaka matokeo yake yakakubalika nje. Na sangara ana bahati nyingine: vipimo vya zebaki vilivyofanywa Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990, pamoja na dhahabu yote inayochenjuliwa kandokando yake, vilimkuta kwa kiasi kikubwa chini ya mipaka ya kimataifa, isipokuwa baadhi ya wakubwa sana. Watafiti waliopima nywele za watu wa kanda hiyo katika miaka hiyo waligundua kwamba baadhi ya waliokuwa na zebaki nyingi mno hawakuipata kwa samaki wala kwa dhahabu, bali kwa sabuni za kujichubua zenye zebaki. Bila maabara, lawama hiyo angebebeshwa samaki.

Samaki wa bahari anayepanda bara hana karatasi ya namna hiyo. Karatasi zinazosafiri na mzigo kutoka Feri ya Dar es Salaam ni za ushuru na uzito, na ukaguzi ni wa jicho na pua: shavu jekundu, jicho angavu, nyama isiyobonyea. Ukaguzi huo ni mzuri sana kwa uozo. Zebaki haina harufu, na papa mwenye zebaki nyingi ana jicho angavu kama mwenzake.

Hivyo nchi imejikuta na masoko mawili. Mlaji wa Madrid au Rotterdam anapimiwa. Mlaji wa Kikuyu, na wa Kondoa, na wa Singida, anakadiriwa kwa macho. Hili lilipita bila kuzungumzwa hata mwaka 2009, meli ya Tawariq 1 ilipokamatwa ikivua bila kibali katika ukanda wa bahari wa Tanzania na karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari, zikagawiwa kwa taasisi za umma. Wananchi waliwaita "samaki wa Magufuli", kwa jina la waziri wa uvuvi wa wakati huo. Mazungumzo yalikuwa juu ya nani kapata na nani kakosa.

Kwa mwekezaji, habari hii inazidi meza ya kikaango. Serikali imeamua kuingia bahari kuu. Mamlaka ya Usimamizi wa Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao yake Zanzibar, inasimamia eneo la kilomita za mraba zipatazo 223,000. Jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260, liliwekwa Septemba 2023. Vikundi vya ushirika vimekopeshwa boti, na wapo watu binafsi wanaopiga hesabu za meli ya mishipi mirefu, majokofu na kiwanda cha minofu. Hesabu hizo, nyingi zikiwa zimepangwa vizuri upande wa mafuta ya dizeli na mishahara ya mabaharia, zinachukulia kuwa kila kilo iliyopandishwa melini ni kilo iliyouzwa.

Si hivyo. Umoja wa Ulaya unaruhusu zebaki isiyozidi miligramu 1 kwa kilo katika jodari, nduaro na papa, na 0.5 katika samaki wengi wengine. Mwaka 2022 uliishusha hadi 0.3 kwa samaki kadhaa wakiwamo sadini, pamoja na pweza na ngisi. Tume ya Codex, ambayo viwango vyake hutumika migogoro inapofika Shirika la Biashara Duniani, iliweka mwaka 2018 mipaka ya zebaki ya methili: miligramu 1.2 kwa jodari, 1.6 kwa papa na 1.7 kwa sulisuli. Katika taarifa za hatari ambazo forodha za Ulaya hutumiana, zebaki kwenye nduaro na papa ni mgeni wa kila mara. Mzigo unaokutwa umezidi hurudishwa au kuteketezwa, na gharama ya kontena, barafu, bima na kuteketeza hubaki kwa mwenye mzigo. Benki yake haitapokea maelezo kwamba bahari ndiyo iliyofanya hivyo.

Kwa papa kuna mzigo wa pili. Tangu mkutano wa CITES uliofanyika Panama Novemba 2022, familia kubwa ya papa wanaouzwa zaidi imewekwa katika orodha inayohitaji kibali kwa biashara ya kimataifa. Anayeweka fedha zake kwenye mapezi anaweka fedha kwenye mlango unaofungwa.

Sasa jaribu kufikiri kama dalali asiye na huruma. Mlango wa nje ukibana kwa samaki wakubwa, samaki hao watauzwa wapi? Watauzwa pale ambapo hakuna anayepima. Watakatwa, watatiwa chumvi, watakaushwa, na watapanda lori la kuelekea bara. Haihitaji njama ya mtu yeyote. Bei peke yake inatosha kuwapeleka. Soko la ndani litakuwa jalala la heshima la samaki wakubwa, huku wachuuzi wa Dodoma wakiamini wamepata mzigo mzuri kwa bei poa.

Wafanyabiashara wanaposikia hoja hii wana jibu moja la haraka: ukimtajia mteja zebaki, atakimbia na hatarudi. Hofu hiyo ina mantiki, na mwishoni mwa 2018 ilionekana Nairobi, habari za metali nzito katika samaki wa kuagizwa kutoka China zilipovuma, mwaka uleule ambao Rais Uhuru Kenyatta alitaka samaki hao wazuiwe. Lakini mteja wa Nairobi alikimbia kwa sababu hakuwa na namna ya kumtofautisha samaki huyu na yule. Taarifa ilimkuta sokoni ikiwa uvumi. Anayenyamaza leo anaiacha siku ya habari ichaguliwe na mtu mwingine, na siku hiyo muuza dagaa na muuza perege wa Mtera watapigwa pamoja na muuza papa, ingawa bidhaa zao zina zebaki kidogo mno kulinganisha.

Japani ilionyesha kunyamaza kunavyokuwa. Ugonjwa wa Minamata ulitambuliwa rasmi Mei 1956. Kiwanda cha Chisso kilikuwa kikimwaga zebaki kwenye ghuba ambako watu walivua na kula kila siku. Serikali ilikiri chanzo hicho mwaka 1968, miaka 12 baadaye, na watu zaidi ya 2,000 walikuja kuthibitishwa rasmi kuwa wagonjwa. Wavuvi wa ghuba ile walipoteza afya kwanza, kisha soko, kisha hata majirani waliowaogopa. Hakuna ghuba ya namna hiyo katika pwani ya Tanzania. Zebaki ya papa wetu ni ya dunia nzima, kidogo kidogo, na kwa sababu hiyo hakuna kiwanda cha kukishitaki. Anayebaki na jukumu ni yule anayeamua kununua na kuuza.

Kinachotakiwa si kikubwa. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula umehamishiwa Shirika la Viwango, TBS, kutoka iliyokuwa TFDA. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo Dodoma. Sheria na ofisi zipo. Kinachokosekana ni mteja wa ofisi hizo kutoka sokoni. Wauzaji wa jumla wa samaki wa bahari katika Soko la Majengo na Soko Kuu la Job Ndugai wanaweza kuchangia kipimo. Si lazima kila papa apimwe. Vipande vya samaki watano au sita wa ukubwa mmoja husagwa pamoja na kupimwa mara moja, na gharama ikigawanywa kwa wauzaji kumi inakuwa ndogo kuliko barafu ya siku moja. Matokeo yabandikwe sokoni kwa aina na kwa uzito: papa chini ya kilo fulani, papa juu ya hapo, jodari mdogo, jodari mkubwa, nguru. Baada ya misimu miwili soko litakuwa na jedwali lake lenyewe.

Serikali nayo ina kitu kimoja cha kufanya ambacho hakihitaji bajeti mpya. Matokeo ya vipimo vinavyofanywa kwa ajili ya kuuza nje yatangazwe kwa Kiswahili, kila robo mwaka, kama zinavyotangazwa bei za mafuta. Vipimo hivyo vinahusu bahari ileile ambayo Feri inavua. Haingii akilini kwamba mnunuzi wa Hispania ajue kilichomo ndani ya jodari wa Tanzania kabla ya Mtanzania.

Wengine watasema mlaji wa Dodoma hali samaki wa bahari mara nyingi kiasi cha kudhurika. Kwa wengi ni kweli, na mwanamume anayekula kipande cha papa mara moja kwa mwezi hana sababu ya kukosa usingizi. Wenye sababu ya kujali ni wachache na wanajulikana: mama mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto mdogo katika nyumba ambayo ng'onda ni mboga ya karibu kila siku kwa sababu ni rahisi kutunza. Kliniki ya wajawazito inaweza kuwaambia kwa sentensi moja wale dagaa, sato na vibua badala ya papa. Sentensi hiyo haimpunguzii mchuuzi chochote akiwa na samaki hao mezani, na wengi wanao tayari.

Kwaresima huwa inapandisha mahitaji ya samaki Dodoma, na karibu na wakati huo Bunge la bajeti huanza Aprili hadi mwisho wa Juni, hoteli zikijaa na oda za nguru na jodari zikiongezeka. Wauzaji wa jumla huweka oda zao pwani wiki kadhaa kabla. Katika simu hizo huulizwa bei, barafu, na lori linaondoka saa ngapi. Uzito wa samaki mmoja mmoja huulizwa pia, ili wachaguliwe wakubwa. Atakayekuwa wa kwanza kuuliza uzito huo ili wachaguliwe wadogo atanunua kwa bei ya chini, kwa kuwa pwani bado wanamhesabu samaki huyo kuwa wa mafungu.